Mashine Ishirini na Sita Ndani ya Sanduku Moja

Jumatatu, 3 Novemba

Mkutano wa asubuhi. Nimekaa kwenye benchi tena, kati ya mlinzi wa geti na ndoo ya maji ya kunywa. Mwaka wa tisa huu.

Sababu niiandike hapa, maana hakuna anayeniuliza. Kiwandani kwetu tunatengeneza magodoro, na mtu hupimwa kwa idadi ya mashine zilizo chini yake. Kanuni iliwekwa na marehemu baba yake Mkurugenzi, enzi ambazo kila mashine ilikuwa cherehani. Mashine kumi na mbili kwenda juu, unakaa kwenye kiti chenye mikono. Chini ya hapo, benchi. Mlinzi wa geti ana mashine moja, mota ya geti. Mimi nina mashine moja, seva ya kompyuta. Kwa hiyo tuko sawa, ingawa yeye hakusomea.

Leo Mkurugenzi ametangaza kwamba Msimamizi Mkuu amestaafu. Nafasi yake atapewa mwenye mashine nyingi zaidi zitakazokutwa zikifanya kazi siku ya kuhesabu mali, yaani Ijumaa hii. Watu wote wakageuka kumtazama Shemeji. Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu, msimamizi wa ushonaji, cherehani kumi na nne. Ndiye aliyenitafutia kazi hapa na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nimejikausha. Lakini kichwani hesabu zilikuwa zimeshaanza.

Seva yangu ni sanduku moja la chuma, sikatai. Ila ndani yake zinaishi kompyuta nne zisizo na mwili. Tunaziita mashine pepe. Kila moja inajiona ina sanduku lake peke yake, ina mfumo endeshi wake, ile programu mama ya kuiendesha, na haina habari kama kuna jirani. Mbili zinatumia mfumo endeshi wa kununua, mbili ule wa bure, kwa sababu waliotuuzia programu ya kiwanda walisema sehemu ya oda haielewani na wa bure, na sehemu ya stoo haielewani na wa kununua. Programu yenyewe watu wanaiita Sistimu. Inajua oda zote, sponji yote, mishahara na likizo za kila mtu. Bila karatasi ya Sistimu hakuna godoro linalotoka getini.

Nne si kumi na nne. Lakini nne si moja.

Nimekwenda kwa karani wa mali nikamuuliza, kwa njia ya kuzunguka, kama kitu kisicho na mwili kinaweza kuwa mashine. Akafungua kitabu cha kanuni. Kinasema mashine ni kitu kinachofanya kazi, chenye namba yake na mtu wa kukisimamia. Mwili haukutajwa. Nikamshukuru, nikatoka polepole. Kwenye korido nikaruka kidogo.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba huenda mambo yakabadilika kazini. Ameniuliza kama nimefukuzwa.


Jumanne, 4 Novemba

Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na mashine tisa. Kufikia chakula cha mchana, kumi na tano.

Ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Unachagua mfumo endeshi, unaipa mashine jina, unaiahidi kumbukumbu, unabonyeza. Kila moja nimeiahidi giga nane. Sanduku zima lina giga sitini na nne. Sidhani kama zitakutana zikalinganisha.

Kanuni inataka kila mashine iwe na kazi, nami ni mtu wa kanuni. Nimeigawa Sistimu vipande vipande. Likizo zina mashine yao. Zipu zina mashine yao. Nyuzi nyeupe nimezitenga na nyuzi za rangi. Stoo nimeihamishia kwenye nyumba mpya. Mashine ya kumi na nne inazilinda zote zilizotangulia. Ya kumi na tano inailinda ya kumi na nne. Mifumo endeshi nimeipanga kwa zamu, huyu wa kununua, anayefuata wa bure, ili pasiwe na lawama za upendeleo.

Mhasibu amekuja kusema kwamba leo akibonyeza kitu, Sistimu inakaa kwanza kufikiri. Nimemwambia programu zote za maana hufikiri. Akaondoka akifikiri yeye pia.

Alasiri amekuja karani wa mali na stika. Stika za kiwandani kwetu ni za bati jembamba, na gundi yake haina mchezo. Kila mashine lazima ibandikwe namba, tena juu ya mashine yenyewe, siyo ukutani wala kwenye daftari. Nikamweleza kwamba mashine zote kumi na tano zimo ndani ya sanduku. Akalizunguka sanduku mara mbili. Akasema kama ndimo zilimo, basi zibandikwe hapo. Akabandika kwa mistari iliyonyooka, upande wa mbele, akianzia juu. Nimempa pongezi. Sanduku limepata heshima ambayo halikuwa nayo.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nimempigia simu mama mkwe kumjulia hali tu. Katika kuzungumza ikatokea nikamwambia kwamba nimekuwa Msimamizi Mkuu. Amefurahi mpaka akamwita jirani aje anisikie. Amesema Jumapili watakuja wote kunipongeza.

Sasa hakuna kurudi nyuma.


Jumatano, 5 Novemba

Habari mbaya. Shemeji ana kumi na tisa.

Ametoa stoo cherehani tano za kukanyaga, za enzi za marehemu, akazitia mafuta na kuwakabidhi wanawake watano waliokuwa wanakunja vitambaa. Hakufanya hivyo kwa ajili ya cheo, ndivyo anavyodai. Hospitali imeagiza magodoro mia tatu na lori lao linakuja Ijumaa, mwisho saa tano asubuhi. Wakikosa mzigo watakwenda kwa mtengenezaji mwingine, na Mkurugenzi ameshasema ikiwa hivyo ushonaji utafungwa mwezi mzima. Wanawake wote wa ushonaji watarudi nyumbani bila mshahara. Shemeji alinieleza haya kwa sauti ya chini, akaniomba Sistimu isimwangushe wiki hii. Nikamwambia atulie, yuko mikononi mwa mtaalamu. Nikarudi chumbani kwangu nikaongeza mashine kumi na moja.

Ishirini na sita!

Karani ameleta stika kumi na moja zaidi. Upande wa mbele ilikuwa imebaki ile sehemu ya chini yenye matundu madogo madogo, ambayo haikuwa na maandishi yoyote. Ameijaza. Zilizozidi akaziweka nyuma, ambako nako kuna matundu. Hakuna hata moja iliyokaa kombo.

Dosari moja ndogo imejitokeza. Mfumo endeshi wa kununua, kwenye oda, huandika siku halafu mwezi. Mashine mpya ya stoo, ile ya bure, niliisimika kwa haraka na ikabaki na mazoea yake ya kuanza na mwezi halafu siku. Oda ya hospitali imeandikwa 7/11. Sehemu ya oda inaelewa tarehe saba Novemba. Stoo ikaelewa tarehe kumi na moja Julai. Ikaona mteja ametelekezwa miezi minne, na kwa kuwa imefundishwa adabu, ikamtumia barua ya kuomba radhi. Mtu wa stoo wa hospitali amepiga simu kwa Mkurugenzi. Amesema amezipokea radhi zetu kwa moyo mkunjufu, ila angependa kujua tumemkosea nini.

Nikaitwa. Nikasema ni majaribio ya huduma bora.

Njia ndefu ilikuwa kuifundisha stoo upya na kukagua oda mia nne, moja baada ya nyingine. Njia fupi ilikuwa kuirudisha stoo Julai. Nimeirudisha. Kwake yeye leo ni tarehe tisa Julai, na keshokutwa itakuwa tarehe kumi na moja Julai, siku ya mzigo. Nimeangalia kalenda. Tarehe kumi na moja Julai ilikuwa Ijumaa vilevile. Mambo yakinyooka namna hii, mtu hana haja ya kuyauliza maswali.


Alhamisi, 6 Novemba

Zote ishirini na sita zinawaka kijani kwenye skrini. Nimezitazama asubuhi nzima. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza nilimtazama hivi hivi, ingawa yule alikuwa mmoja.

Feni za sanduku zinavuma kuliko kawaida. Dalili ya bidii. Chumba changu, ambacho zamani kilikuwa cha mifagio, kimepata joto zuri. Nimevua koti, kisha tai, kisha viatu.

Mhasibu sasa anabonyeza, anakwenda kunywa chai, anarudi, anabonyeza tena. Amesema tangu azaliwe hajawahi kunywa chai nyingi hivi. Sikulichukulia kama lalamiko.

Shemeji amekuja mara tatu. Mara ya kwanza alisema karatasi za kukatia sponji hazitoki. Mara ya pili alisema zimetoka, ila kila moja imetoka mara nne. Mara ya tatu hakuja kwa ajili ya karatasi. Aliona sijatoka kwenda kula, akaniletea sahani iliyofunikwa. Nikala. Nilijisikia vibaya kwa muda, hadi nilipomaliza kula.

Kabla hajaondoka alilitazama sanduku, akauliza limevishwa nini. Nikamwambia hayo ni mambo ya utawala. Akasema yeye hajui kompyuta, lakini joto la chumba hiki limemfikia akiwa bado kwenye ngazi. Nikamwambia mitambo ina joto lake, asiwe na wasiwasi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikamwona amekaa kwenye ngazi na daftari la shule, ananakili oda ya hospitali kwa mkono, godoro kwa godoro. Nilimhurumia. Watu wengine teknolojia imewapita wamesimama.

Jioni mke wangu ameniuliza kwa nini habari za cheo changu amezisikia kwa mama yake. Nikasema nilitaka kumshtua. Akauliza cheo hicho si ndicho dada yake anachokitegemea. Nikasema kiko wazi kwa wote. Amenitazama kama anavyotazama maziwa yaliyo jikoni.


Ijumaa, 7 Novemba

Naandika haya saa kumi alasiri.

Saa tatu asubuhi lori la hospitali liliingia. Magodoro yalikuwa tayari yote mia tatu. Yakapakiwa. Saa tatu na nusu Sistimu ilitoa hati ya mzigo, baada ya kufikiri sana. Nikaipeleka getini mwenyewe, nikiwa nimevaa tai. Mlinzi wa geti akaisoma yote, jambo ambalo sikulitarajia. Akasema hati ni ya tarehe 11 Julai na lori ni la leo. Nikamweleza kwamba stoo iko Julai kwa sababu za kiufundi. Akasema hana neno, stoo ikifika Novemba atafungua.

Nikakimbia kwenda kuitoa stoo Julai. Ndiyo kwanza nimekaa, Mkurugenzi akaingia na karani wa mali, kitabu kwapani. Siku ya kuhesabu. Nyuma yao wasimamizi wote, wamebanana mlangoni. Nikapima. Lori linaweza kungoja dakika tano. Cheo kimeningoja miaka tisa. Nikaigeuza skrini waione.

Karani akaanza kuhesabu kwa kidole. Mkurugenzi akawa anatikisa kichwa kwa mshangao, akasema kumbe nimekaa benchi bure muda wote huo. Nilisikia raha hadi kwenye magoti. Karani alipofika kumi na saba, skrini ikawa nyeusi. Feni zikanyamaza.

Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Nikalipiga sanduku kofi, likaniunguza. Karani akauliza aandike ngapi. Nikasema ishirini na sita. Akanikumbusha kwamba kanuni inasema zinazofanya kazi. Akaandika sifuri. Hata ile moja ya siku zote hakuniachia. Halafu akafunua ukurasa na kumwandikia mlinzi wa geti moja.

Nje dereva wa lori akaanza kupiga honi. Saa nne na dakika arobaini. Hakuna Sistimu, hakuna hati. Nilichungulia dirishani. Wanawake wa ushonaji walikuwa wametoka, wamesimama kwenye mlango wao wakiwa na nyuzi mabegani. Walikuwa wanaangalia dirisha langu. Afadhali wangenitukana. Nilikumbuka kwamba mmoja wao ana watoto wanne na ndiye anayenisalimia kila asubuhi. Niliona aibu, naandika kweli, aibu ya kutaka kuingia ndani ya sanduku nikae na zile nyingine.

Shemeji akapenya katikati ya watu. Hakunigombeza. Akafungua daftari lake, akaandika hati kwa mkono, magodoro mia tatu, vipimo vyake, tarehe ya leo. Meza yangu ilikuwa imejaa, kwa hiyo Mkurugenzi alitia sahihi akiegemeza karatasi mgongoni mwa karani. Shemeji akaipeleka mwenyewe. Mlinzi akaisoma yote tena, mstari kwa mstari. Akafungua. Lori likatoka saa tano kasoro dakika tano.

Wanawake wakarudi ndani. Nikasikia cherehani zinaanza moja moja.

Halafu Shemeji akarudi kwangu, wengine wameshaondoka. Akaweka kiganja mbele ya sanduku. Akaniuliza taratibu, shemeji, hiki kitu kinapumulia wapi. Nilitaka kumjibu kwamba mashine haipumui. Nikaziangalia stika. Nikayakumbuka matundu.

Tumezibandua pamoja, yeye akitumia kile kisu chake kidogo cha kufumulia mishono. Saa nzima. Karani amesimama pembeni akizipokea na kuzihesabu, maana ni mali ya kiwanda. Mkurugenzi alipokuja kuuliza tatizo lilikuwa nini, Shemeji akamwambia sanduku lilikosa hewa. Basi. Nani aliliziba, kwa sababu gani, hakusema.

Yeye ndiye Msimamizi Mkuu. Cherehani kumi na tisa, zote zikizunguka.


Jumapili, 9 Novemba

Wamekuja wote. Mama mkwe, jirani aliyesikia kwenye simu, na wengine wawili ambao nadhani walimfuata jirani. Mama mkwe alinikumbatia mimi kwanza, akaniita Mkuu. Mke wangu akatazama dari. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kona, kikombe mkononi, na mimi nikawa natafuta pa kuanzia.

Shemeji akanitangulia. Akasema ni kweli, mkwe wao amepanda, yeye na mimi sasa tunaendesha kiwanda pamoja, yeye cherehani na mimi mitambo. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, nishukuru. Nikashukuru.

Nimejiapia leo, tena kwa maandishi: njama basi. Mwanamke huyu amenisitiri mara mbili kwa siku tatu. Nimekuwa mtu mwingine.


Jumatatu, 10 Novemba

Nimefuta mashine ishirini na mbili. Zimebaki nne, mbili za kununua na mbili za bure, kila moja na kumbukumbu yake kamili. Stoo iko Novemba na imefundishwa kuandika tarehe kama wenzake. Mhasibu anabonyeza na kujibiwa kabla hajasimama. Anaonekana amekosa kitu.

Mkutano wa kwanza wa Shemeji kama Mkuu. Ameongea vizuri na kwa ufupi. Ameifuta kanuni ya kuhesabu mashine. Amesema cherehani peke yake haishoni, mtu ndiye anayeshona, na kuanzia sasa kitengo kitapimwa kwa watu wake. Mwisho wa mwezi atachagua Naibu, na atamchagua kutoka kitengo chenye watu wengi. Orodha ya watu itatolewa moja kwa moja kwenye Sistimu ili pasiwe na ujanja.

Nilimsikiliza kwa unyenyekevu. Kitengo changu kina mtu mmoja.

Hata hivyo, nimeangalia, kwa ajili ya kujifunza tu. Sistimu haina kikomo cha wafanyakazi. Ni suala la kujaza fomu. Kufikia mchana kitengo changu kilikuwa na watu tisa, wote wachapakazi, nimeandika hivyo kwenye tathmini zao. Mmoja nimemfanya msaidizi wangu mwandamizi, mwenye uzoefu wa miaka kumi na moja.

Saa tisa alasiri Sistimu imenitumia taarifa. Msaidizi wangu mwandamizi hajawahi kwenda likizo tangu aajiriwe, anadai siku mia tatu na thelathini, naombwa niidhinishe aanze kesho.

Nimemkatalia. Kipindi hiki kazi ni nyingi mno, siwezi kumwacha mtu kama yeye aondoke.